Mfuko wa Muforomo

Ukienda kwa Muforomo, kule Ndera, nje kidogo ya Kigali, usimwelekeze mtu kwamba kabati liko mkono wa kushoto na meza iko chini ya dirisha. Utaonekana mwongo. Mara ya kwanza nilipofika kwake nilikaa kwenye kiti kilichotazama mlango, nikanywa chai, nikaaga. Nilipofika mara ya pili nilikwenda moja kwa moja palepale bila kutazama, nikajikuta nimekalia kapu la viazi vitamu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeona?" akasema. "Umekuja mara moja tu, na makalio yako yameshajenga mazoea. Sasa mtu aliyekuja kila siku, miaka na miaka?"

Muforomo ndivyo wenyeji wanavyomwita muuguzi, na yeye aliitwa hivyo sokoni, kanisani na kituo cha basi, hata baada ya kustaafu. Sijawahi kumsikia mtu akimtaja kwa jina lake. Alikuwa amewauguza watu walioshikwa na pombe na dawa za kulevya tangu nikiwa mtoto, na alipoacha kazi aliendelea kuwauguza, ila sasa bila sare. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye viatu vyeupe vya raba na mwavuli aliokwenda nao hata jua likiwa linapasua mawe. Alikulia upande wa Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, na alijivunia hilo kuliko vyeti vyake. Mtu akimwambia "mimi iko na njaa," kwanza anamsahihisha, ndipo anampa chakula.

Mimi niliacha shule mapema. Si kwamba sikupenda kujua mambo, bali miguu iliniwasha. Nimepakia malori Rusumo, nimeuza miwani ya jua Goma, nimepaka rangi mapaa ya watu Kampala. Kimironko, sokoni Kigali, nilikuja kubeba majora ya vitenge kwa majuma mawili, nikakaa miaka. Nikitafuta sababu, nampata Muforomo. Alikuwa mtu wa kwanza ambaye maswali yangu hayakumchosha. Nikiuliza moja, yeye ananirudishia mawili na kipande cha muhogo.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Mraibu si mtu aliyeshindwa kujifunza. Ni mtu aliyejifunza somo moja vizuri mno."

Siku moja nikamwambia, "Basi mimi nimesalimika, Mama. Darasa la sita sikulimaliza."

"Wewe?" akaniangalia juu ya miwani. "Wewe umeraibika kuondoka. Ukisikia breki ya lori tu, unasimama kama askari."

Ilikuwa kweli. Wakati ule ule nilikuwa nimesimama.

Alikuwa na semi nyingine, nyingi akizitunga papo hapo kisha anadai ni za wahenga. "Hamu ni mgeni, usipompa kiti, anaondoka." Huo nimeusikia akiwaambia watu wazima wanaotetemeka, na nimeusikia akimwambia kuku wake aliyekuwa akizunguka kapu la mtama. Kanisani aliimba kwa sauti iliyowapoteza wengine wote, na kiongozi wa kwaya akamwomba kwa adabu awe anapiga makofi tu. Alipiga makofi nje ya mdundo. Sokoni hakupunguziwa bei, maana hakujua kujifanya hataki kitu. Akiona kitenge kizuri anakikumbatia kwanza, ndipo anauliza bei. Mimi nilimfundisha kununa, akashindwa. "Uso wangu haujui," alisema. "Na sasa umezeeka, hauendi shule."

Nyuma ya nyumba alikuwa na ubao wa igisoro, ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao Wanyarwanda wanaucheza kama ndugu zetu wa pwani wanavyocheza bao. Alinifunga kila siku, bila huruma. Na ni kwenye ubao huo aliponionyesha kitu ambacho nimekibeba kila nilikokwenda.

Nilikuwa nimemuuliza swali la kijinga: kwa nini mtu mwenye akili arudie kitu kinachomuua? Alikuwa ameshika mbegu mkononi. Akazitazama, akafuta mchezo wote. Nilishukuru, maana nilikuwa nashindwa.

"Hili shimo ni seli moja ya ubongo," akasema. "Hili ni jirani yake. Hazigusani. Kati yao pana mwanya, mdogo kuliko kitu chochote ulichowahi kukiona. Hapo ndipo panapoitwa sinapsi. Seli hii ikiwa na habari, inamtupia jirani mbegu." Akadondosha moja, mbili. "Jirani ana vikombe vyake vya kudakia. Umekula ukiwa na njaa, mbegu chache. Umesifiwa, mbegu chache. Umemwona yule binti wa duka la nyuzi..."

"Mama!"

"Zimezidi kidogo. Usinikatize. Mbegu hizi zinasema: hiki ni kizuri, kikumbuke, kirudie. Zinaitwa dopamini. Na pembeni yuko mzee, kazi yake kumshika mchezaji mkono: taratibu, zimetosha. Mugo humlaza yule mzee."

Mugo ni unga, heroini, ndivyo unavyoitwa mitaani Kigali. Muforomo akachota mbegu zote kwa viganja viwili, akazimwaga katika shimo moja. Zikafurika, zikabingirika uani, kuku wakazikimbilia wakidhani ni chakula, nasi tukakimbizana na kuku. Tuliporudi alikuwa anahema, lakini hakuacha somo.

"Jirani afanye nini? Amefurikiwa. Anaanza kuficha vikombe. Leo hiki, kesho kile. Siku mugo haupo, zinakuja zile mbegu chache za kila siku, za chakula, za sifa, za binti wa nyuzi, na vikombe vya kudakia ni haba. Mtu anakwenda harusini anaona kama amekaa kituoni kusubiri basi. Na hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo mbaya. Upande mwingine, kule ubongo unakoweka kumbukumbu ya njia ya kuupata mugo, vikombe vinaongezeka. Mlango aliopitia, harufu, saa, kiti. Kila kimoja kinashonwa na mugo kwa uzi mnene. Vitu vya furaha vinanyamaza, vitu vya mugo vinapiga kelele."

"Na vile vikombe vilivyofichwa, vinarudi?"

"Vinarudi. Si haraka. Mara nyingine si vyote. Lakini vinarudi, nimeviona vikirudi kwenye macho ya watu. Unadhani nacheka hivi kwa sababu gani?"

"Na ule uzi mnene unakatika?"

"Unafunikwa," akasema. "Unashona juu yake. Lakini chini bado upo."

Halafu akatia mkono katika mfuko wa gauni, akatoa kopo dogo la bati, akalifungua kwa kucha ya kidole gumba, akavuta ugoro tundu la kwanza, akavuta tundu la pili, akapiga chafya, akasema, "Tupange mbegu."

Ndivyo alivyokuwa. Tumbaku ya kunusa, miaka yote, na kila baada ya chafya anarudi kukuelezea uraibu. Aliwahi kuniambia yeye ni fundi paa anayevujiwa. Hakuona haya, wala hakujitetea. Alipokuwa kazini, alisema, alitoka nje ya uzio ili wagonjwa wasimwone, nao wagonjwa wakamchungulia juu ya uzio. Kila kitu nyumbani kwake kilihama, kitanda, kabati, sufuria. Alianza mtindo huo kwa ajili ya wagonjwa waliokuja kumtembelea, ili wazoee kuona kwamba chumba kinaweza kubadilika na mtu asife. Kopo peke yake halikuhama. Kila gauni lake lilikuwa na mfuko mmoja, ubavu ule ule, na kopo lilikuwa humo.

Aliyeliona hilo alikuwa Fundi.

Fundi alitoka Bukavu, na nyuma ya soko la Kimironko alishona pamoja na mafundi wengine katika chumba cha kupanga ambako mimi nilipeleka majora. Kola zake zilisimama kama bwana harusi. Mashine yake ilikuwa dirishani, penye mwanga, na dirisha lilitazama kichochoro. Muuza mugo alikuwa akipita humo akipiga mluzi. Fundi alianza kwa kuonja, na mwishowe akawa anauza mikasi yake. Wenzake walimpeleka hospitali. Akatibiwa, akatoka mnene na mcheshi, tukampokea kwa soda na brosheti, ndiyo mishikaki ya huku, tukamkalisha kwenye kiti chake. Hakumaliza hata suti moja. Mluzi haukuhitajika. Alituambia baadaye kwamba alipokalia kile kiti na jua la dirishani likampiga shavuni, mdomo ulijaa mate, na miguu yake ikajua pa kwenda kabla yeye hajajua.

Akarudishwa hospitali. Safari hii tuliogopa. Mama Keza, aliyekuwa kiongozi wa chumba kile, mwanamke mwenye kifua cha kubeba kanisa, alisema akianguka tena tutamzika. Sote tuliamini hivyo. Basi siku ya kutoka kwake tukajitahidi zaidi. Tuliosha dirisha. Mama Keza alishona mto mpya wa kiti, nami nikatia mafuta mashine. Tulimwekea kikombe chake cha njano palepale, na mikasi, tuliyokwisha kuikomboa, palepale.

Muforomo alikuwa amemsaidia Fundi wodini kama mtu wa kujitolea, akaja kutupasha kwamba Fundi yuko njiani kwa moto, ndivyo Kigali wanavyoita pikipiki ya abiria. Akasimama mlangoni na mwavuli wake. Akatazama dirisha, mto, kikombe.

"Nani amefanya hivi?"

"Sisi," Mama Keza akajibu kwa fahari. "Tumemutunzia kiti yake. Hakuna mutu alikaa hapo."

"Mmemtunzia kiti, na kiti kimemtunzia mugo."

Mama Keza aliinuka. "Muforomo, sikiliza. Kwetu mutu akisafiri, nafasi yake inabaki. Ukipatia mwingine ni kama umemuzika. Wewe unataka arudi, akute hana nafasi?"

"Nataka akute nafasi mpya. Hii ya zamani mwili wake unaijua kuliko yeye mwenyewe. Mama Keza, nakuomba. Naona mnampenda. Mpendeni mkiwa mmekaa pengine."

Sijawahi kuona watu wakibishana kwa haraka namna ile, kwani moto ilikuwa njiani. Mama Keza alitazama mto aliokesha akiushona. Kisha akaubeba kwapani, akasema "Ayii, Mana yanjye," yaani Mungu wangu, akaketi yeye mwenyewe dirishani, dirisha likajaa. Mimi nikabeba mashine ya Fundi mpaka nyuma, karibu na pasi na kioo cha wateja. Muforomo akakitia kikombe cha njano kwenye mkoba wake. Tulikuwa bado tunasukuma meza tuliposikia breki nje, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisikia breki nikaendelea na kazi.

Fundi akaingia. Akatusalimu huku miguu yake tayari inakwenda dirishani. Akafika, akasimama.

"Na kiti yangu?"

"Imeolewa," akasema Mama Keza bila kuinua macho. "Na bwana yake ni mimi. Enda nyuma."

Tukacheka, ila Fundi hakucheka. Alikasirika hasa. Alisema tumemfanya mgeni, alisema bora angebaki Bukavu. Muforomo hakumbembeleza. Alimweleza habari za vikombe na uzi mnene, kwa sauti ile ile aliyonieleza mimi, na alipofika katikati mkono wake ukaingia mfukoni, kopo likatoka, kucha ikafungua kifuniko.

Fundi akamtazama. "Mama," akasema, "weye unahamisha vitu vya bantu. Kiti unahamisha, kikombe unahamisha. Ile kopo, nilikuona nayo kule hospitali, na leo tena iko mu mfuko ule ule. Yeye haihame juu ya nini?"

Mama Keza alizuia kicheko kwa kiganja. Muforomo alibaki na ugoro kwenye ncha ya kidole, katikati ya safari ya puani. Nilidhani atamjibu kwa usemi wa wahenga. Wahenga hawakuja.

Akakung'uta kidole. Akampa Mama Keza kopo. "Weka pini zako humu," akasema. Kisha akamgeukia Fundi, akavuta kitambaa cha gauni lake ubavuni. "Wewe ni fundi au si fundi? Shona."

"Nishone nini?"

"Mdomo wa mfuko. Ukishona vizuri nitakuamini umerudi. Na ukikaa huko nyuma karibu na pasi bila kununa, nawe utaniamini mimi."

Akatunga uzi. Mara ya kwanza tundu la sindano lilimkwepa, na ya pili. Hakuna aliyemsaidia. Ulipoingia alipiga magoti ubavuni mwa yule mama, akashona, mshono mdogo mdogo, uliokaza, mkono ukitulia kadiri alivyokwenda, mpaka akakata uzi kwa meno. Ilikuwa kazi yake ya kwanza aliyoimaliza tangu apelekwe hospitali.

Siku zilizofuata tulicheka kuliko wakati wowote. Muforomo asiye na ugoro alikuwa mtu wa kutisha. Aligombana na kondakta, na mwavuli, na redio. Nilimfunga igisoro kwa mara ya kwanza, akadai kuku wamekula mbegu. Mkono wake ulikuwa unashuka mfukoni kila alipomaliza sentensi, unagonga mshono, unarudi mtupu, naye anautazama kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi bila chumvi. Alikuja chumbani kwa mafundi kila jioni, eti kumkagua Fundi. Yeye akamkagua macho, Fundi akamkagua mfuko, wakaagana kama maaskari wa mpaka.

Mara moja tu niliogopa. Fundi hakuonekana kazini mchana mzima. Mama Keza alinituma Ndera, nami nikapanda moto nikipanga maneno ya kumwambia Muforomo. Nikawakuta nyuma ya nyumba, wawili, kwenye ubao wa igisoro, mkono wa koti ambao haujamalizwa ukiwa umetupwa begani mwa Fundi. Alikuwa amekutana na yule mpiga mluzi kituoni, akarukia moto ya kwanza na kazi yake mkononi.

"Anakaa tu hapa," Muforomo akaniambia. "Mgeni wake bado hajaondoka."

"Anaondoka," Fundi akasema, jasho likimtiririka. "Hajapata kiti. Cheza, Mama, ni zamu yako."

Mwaka uliofuata nikaondoka, kama alivyotabiri. Lori lilipiga breki.

Nimerudi Kigali mwaka huu. Sikupiga simu, nilitaka kumshtukiza. Nyumba ilikuwa na rangi nyingine, mlango wa mbele ulikuwa umefungwa na kufunguliwa mwingine ubavuni, nikazunguka mara mbili kama mwizi mpaka sauti ikatoka uani: "Aliyezoea mlango atalala nje!"

Amekonda kidogo, na mwavuli umekuwa mkongojo. Kila kitu kingine kipo. Kabla sijakaa alishanikalisha kwenye igisoro. Nilimuuliza habari ya Fundi, naye akanyoosha kidole nyuma yangu. Fundi alikuwa anaingia, kitambi mbele, nywele zimeanza mvi, amebeba gauni jipya lililokunjwa kwenye gazeti.

"Mzururaji amerudi," akasema, akanikumbatia. Kisha akalifungua gauni: kitenge cha buluu na manjano, kola imesimama. "Mama, angalia. Safari hii niliweka mfuko. Wazi. Umekaa myaka bila kopo, sasa nakuamini."

Muforomo akalivaa juu ya lile alilokuwa nalo. Akatia mkono mfukoni, taratibu, mpaka kifundo. Ukakaa humo. Nilimwona usoni anasikiliza kitu. Fundi naye alikuwa anamtazama, na kicheko kilikuwa kimetoweka usoni mwake.

"Ni mfuko mzuri," Muforomo akasema mwishowe. "Unanukia tumbaku."

"Mama, kitambaa ni kipya."

"Najua ni kipya. Shona."

Fundi akapasuka kicheko. Akainua kola ya shati lake, na pale chini sindano ilikuwa imechomekwa, uzi wa buluu umeshatungwa tayari. Akapiga magoti ubavuni mwake.

"Na wewe?" Muforomo akamuuliza kutoka juu. "Mama Keza amestaafu. Nasikia dirisha liko wazi, lina mwanga mzuri."

"Nilipatia binti wa nyuzi, siku hizi naye anashona. Miye iko sawa kule nyuma, karibu na pasi."

"Niko sawa," akamsahihisha.

"Niko sawa, Mama."

Alishona tukiendelea kucheza. Zamu ilipomfikia Muforomo mkono wake ulishuka wenyewe ubavuni, ukagonga vidole vya Fundi na mshono unaofungwa, ukapanda tena mtupu. Akautazama, akatabasamu, akaupeleka upande wangu wa ubao na kunyakua mbegu zangu zote.